Siku Nne na Mhesabu Nyota wa Nyegina

Safari nzima ilinigharimu shilingi elfu sabini na mbili na mia tano, chupa ya chai moja, na siku nne za duka kufungwa. Hela nimezihesabu mara mbili na hesabu zimekubaliana. Hela bado naruhusiwa kuzihesabu hivyo. Huko mbele mtaelewa kwa nini nasema "bado". Nawaandikia ninyi mlionisimamisha pale sokoni, mmoja mmoja, "Pendo, ulipotelea wapi?" na kila mmoja nikamkatia kipande. Sasa chukueni habari nzima, nisirudie tena.

Kwa wasiomjua: Baba mdogo Magesa, mdogo wake marehemu baba yangu, anaishi Nyegina, nje kidogo ya Musoma, na ni mmoja wa Wahesabu. Mjini wanawaita wanajimu, wengine wanasema waganga, naye hukasirikia majina yote mawili. Wahesabu walikuwa watumishi wa ufalme wa Marenga, ufalme uliokufa zamani mpaka hakuna anayejua ulikuwa upande gani. Viti vyao vilikuwa kumi na viwili, vimebaki vitatu: Nyegina, Butiama na Bunda. Kila mwenye kiti anaapa kwamba Marenga ilikuwa kwake.

Kazi yenyewe ni hii. Kila jioni mbingu ikiwa safi, mhesabu anakaa juu ya jiwe lake, anakihesabu Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ambacho wakulima hukitazama, anasema alichokiona, anashuka. Watu huja kumuuliza wapande lini, wahamishe ng'ombe lini, mtoto aitwe nani. Halipwi. Tangu niko mdogo nilikuwaga namuuliza, kazi gani hiyo haina mshahara na mwajiri mwenyewe alishakufa? Ananijibu, "Mwajiri alikufa, nyota hazikufa."

Sasa macho yake. Jicho la kushoto limeshazimwa na mtoto wa jicho, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye mfuko wa nailoni. Binti yake Tabu, aliyeolewa Mwanza, akampatia nafasi ya upasuaji, siku ya Jumatatu. Mzee akakataa. Mhesabu haendi popote kulala isipokuwa kwa wenzake wawili, kuomba wamwachilie. Wakishamwachilia wote wawili, ndipo yuko huru. "Bora nipofuke nikiwa mhesabu kuliko nione nikiwa mtoro," alimwambia Tabu kwenye simu. Tabu akanipigia mimi, analia. Ndiyo maana Alhamisi asubuhi nilifunga duka langu la vyombo nikaenda Nyegina kumchukua.

Nyegina hadi Makutano

Nilidhani nimejiandaa. Nilikuwa na chai, chapati nane, na jirani mwenye pikapu anayekwenda Makutano na kreti tupu za soda, ambaye nilishamshusha bei mara mbili tangu jana yake. Baba mdogo akafika kwenye gari, akashika mlango, akauliza, "Jiwe langu liko upande gani?"

"Nyuma yako, Baba."

"Basi hapa mbele sikai."

Hilo hakuwahi kuniambia. Mhesabu akiondoka kwenda kuomba kuachiliwa, hakipi kiti chake mgongo. Njia nzima uso wake unaangalia alikotoka. Siti za pikapu, kama mjuavyo, zote zinaangalia mbele. Tukamkalisha nyuma kwenye kreti, anaangalia Nyegina, na mimi pembeni yake nimelishika shati lake. Suti yake ya kijivu ilikuwa nyeupe kwa vumbi kabla hatujaifikia lami.

Njia haiendi moja kwa moja, inakata kona. Kila kona mzee ananigusa goti. "Sasa iko wapi?" Namwonyesha kwa kuushika mkono wake, anajisogeza. Mpaka Makutano alijigeuza mara kumi na nne. Nilihesabu.

Watu waliokuwa barabarani walituona tukiwapita huku mzee anawatazama usoni, nao wakawa wanampungia mkono wakidhani anawaaga. Naye kwa kuwa haoni, hakumpungia mtu. Mama mmoja aliyebeba kuni alitupigia kelele, "Mzee wenu ana maringo hivyo, anakwenda wapi?"

Makutano hadi Butiama, migongo miwili

Pale Makutano magari ya Butiama yalikuwepo, ila kila dereva akisikia masharti anacheka kisha anapandisha bei. Nikaacha magari, nikaenda kwa kijana wa bodaboda aliyekuwa peke yake. Mtu aliye peke yake hana wa kumwonyesha kwamba hapunguzi bei.

"Tuko wawili," nikamwambia. "Mmoja anakaa kawaida, mmoja anageukia nyuma."

"Anageukia nyuma anaangalia nini?"

"Nyegina."

Akamtazama Baba mdogo, akanitazama mimi. "Kuna mtu anawafukuza, mama?"

Nilimhakikishia kwamba hakuna. Nikakaa katikati, Baba mdogo nyuma yangu, mgongo wake kwenye mgongo wangu, nikatufunga wote wawili kwa kanga mbili, fundo kifuani kwangu na fundo kifuani kwake. Kwenye matuta nilikuwa nasikia kichwa chake kinagonga changu. Kijana aliendesha polepole kwa heshima, mpaka mbuzi alipokatiza, akakanyaga breki, na chupa ya chai ikaruka. Ilivunjika ndani, kile kioo chake. Ukiitikisa inalia kama mfuko wa senti.

"Nini hicho kimelia?" akauliza mzee.

"Chai yetu, Baba."

"Ilikuwa na sukari?"

"Ilikuwa nayo."

"Pole yake."

Butiama, tukisubiri wingu liondoke

Mwenye kiti cha Butiama ni Bibi Nyangeta, mjane, mwembamba kama mwiko, ana ng'ombe tisa na jiwe lake liko kando ya zizi. Alimpokea Baba mdogo kwa maneno ya Kimarenga ambayo sikuyaelewa, na nina wasiwasi hata wao hawayaelewi yote. Kisha akanigeukia: "Na huyu ndiye shahidi?"

Maana anayeomba kuachiliwa huja na shahidi wa damu yake. Kwenye kila kiti wanahesabu watu watatu: anayeomba, mwenyeji, na shahidi. Si lazima wakubaliane. Kila mmoja anahesabu mara moja, anasema alichokiona, anaambiwa "imesikika", imekwisha.

"Mara moja tu," Bibi alinikazia. "Unajua Marenga ilikufaje?"

Nilikuwa nimeisikia utotoni nikiwa nasinzia. Akanirudishia. Mfalme alimwita mkuu wa wahesabu, akasema hesabu. Mtu akahesabu, akatoa jibu, jibu likawa baya: msipande mwaka huu. Mfalme akasema, hesabu tena. Akahesabu tena, na safari hii akaona kile mfalme alichokuwa anataka. Wakapanda. Njaa iliyokuja ndiyo iliyowatawanya mpaka leo. "Mara ya kwanza jicho linaona," alisema Bibi. "Mara ya pili ni tumbo linaona."

Mimi nikaitikia kwa adabu. Moyoni nilijisemea kwamba huyu bibi hajawahi kupokea katoni ya sahani kutoka kwa tajiri wa Mwanza; hizo usipozihesabu mara mbili umeibiwa.

Alhamisi jioni wingu likafunika kila kitu. Ijumaa mchana kutwa tukakaa. Baba mdogo aliketi sebuleni akiutazama ukuta, maana Nyegina iko nyuma ya huo ukuta, na hata chakula alikula hivyohivyo: ugali wa mtama, mlenda na maziwa mgando, nampitishia kwa pembeni. Wifi yake Bibi akapita kusalimia. Akasimama mlangoni akamtazama mzee kwenye suti, anauangalia ukuta, hasemi. Akanivuta nje.

"Huyu amekuja kuposa?"

"Hapana, dada."

"Mbona amevaa suti na ana aibu? Mwambieni asiogope ukuta, aongee na mwenye nyumba. Wifi yangu anakaaga peke yake miaka mingi, anaweza kukubali."

Nilimweleza habari ya kiti. Alinisikiliza vizuri, kisha akaenda jikoni akamsifia Bibi kwamba mchumba ana meno yote. Mpaka tunaondoka alikuwa anamwita Baba mdogo "shemeji", naye mzee akawa anaitika, nadhani alifurahi.

Ijumaa jioni mbingu ikatakata. Tukatoka kando ya zizi, ng'ombe wanapumua pale karibu, Kilimia kiko juu kabisa. Baba mdogo alikuwa wa kwanza. Akainua uso. Mimi najua, na Bibi anajua, kwamba idadi anaijua kwa moyo. Maisha yake yote amesema sita. Angesema sita nani angembishia?

"Sioni," akasema. "Hata moja."

"Imesikika," akajibu Bibi, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Naye akainua uso. "Sita."

"Imesikika," akasema Baba mdogo.

Zamu yangu. Niliangalia, nikahesabu, nikasema, "Sita." Hapo ningefunga mdomo. Lakini jicho langu likarudi lenyewe mwanzoni, kama linavyorudi kwenye sahani kila siku ya Mungu, na mdomo ukalifuata. "Ngojeni. Saba."

Hakuna aliyesema imesikika. Ng'ombe mmoja alikojoa, ndiyo sauti pekee iliyosikika. Bibi Nyangeta akabeba kigoda chake. "Hajaachiliwa," akasema, akaingia ndani.

Baba mdogo hakunigombeza. Alikaa pale akiangalia upande wa Nyegina na jicho lake lisiloona. Baadaye akasema, "Umewahi dukani kwako kukuta hesabu ya pili imezidi?"

"Mara nyingi, Baba."

"Na ukafurahi?"

Upasuaji ulikuwa Jumatatu, na mimi ndiye niliyeuharibu.

Butiama hadi Bunda, kwenye buti

Asubuhi Bibi alitupatia maziwa ya njiani bila kunitazama, akasema kama tunataka kulalamika twende kwa Fundi Saidi wa Bunda, mwenye kiti cha tatu. Tukashuka Kiabakari kwa bodaboda, migongo miwili kama kawaida, tukakuta teksi ya Probox inayokwenda Bunda. Na hapo ndipo mila ya Marenga iliponinufaisha kwa mara ya kwanza: ile buti ya nyuma, ambayo abiria huwa wanaikataa, ilikuwa imewekewa benchi linaloangalia nyuma. Buti ni nusu bei. Nikamwambia dereva mzee anaomba buti. Hakuamini bahati yake na mimi sikuamini yangu, kila mtu akaona amemlalia mwenzake.

Abiria mmoja akauliza kwa nini mzee wa heshima anakaa na mizigo. Nikasema ni mhesabu nyota. Kosa kubwa. Dereva akapunguza mwendo, akatoa simu.

"Mzee, nina mkeka wa kubeti hapa, timu sita. Nne nina uhakika nazo. Hizi mbili niangalizie."

"Sisi tunasemaga tulichokiona," akajibu Baba mdogo kutoka butini. "Hicho chako hakijaonekana."

"Basi hata moja."

"Moja naiona."

"Ipi?"

"Barabara. Huiangalii."

Gari zima likacheka, na dereva akarudisha simu mfukoni. Pale stendi ya Bunda akapunguza nauli ya mzee kwa hiari yake. Sijawahi kuona jambo kama hilo katika barabara zote za Mara.

Bunda, kwa Fundi Saidi

Fundi Saidi anatengeneza saa na redio kwenye kibanda karibu na stendi. Alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, kofia bado kichwani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Kabla hatujamwambia shikamoo akanyoosha bisibisi: "Nyegina iko huko, Mzee Magesa. Kaa uangalie. Na wewe ndiye wa sita-ngojeni-saba?"

"Nani amekwambia, mzee wangu?"

"Bibi amepiga simu tangu jana."

Nikaona hapa ni biashara, na biashara naijua. "Mzee wangu, nilikosea. Taja faini."

"Hatuchukui hela."

"Nina seti ya sahani, sita, maua pembeni, hazijawahi kuguswa na wali."

"Nakulaga kwenye sinia na wanangu."

"Basi unataka nini?"

Akatoa kile kioo jichoni. Alieleza polepole, kama anayerudisha gurudumu dogo mahali pake. Kosa la shahidi halimfungi anayeomba, mradi shahidi akubali kulilipa. Linamfunga shahidi. Aliyehesabu mara mbili anakaa kwenye kiti cha yule anayeachiliwa mpaka ajue kuhesabu mara moja. Hivyo ndivyo walivyomfanya yule wa Marenga.

"Na yeye alikaa mpaka lini?"

"Mpaka alipokufa. Alikuwa mgumu."

"Mimi nina duka, mzee wangu. Kila baada ya wiki mbili nakwenda Mwanza kuchukua mzigo, nalala huko."

"Hutalala."

"Wiki mbili nitakaa."

"Mpaka Kilimia kizame."

"Kinazama lini?"

"Kikizama."

"Mwezi mmoja."

"Mama, unabishana na mbingu."

"Mwezi na nusu, na Jumapili napumzika."

"Wingu likiwepo utapumzika."

Hilo la wingu nikaliona ni punguzo, nikalidaka. Nikageuka kumtazama Baba mdogo. Alikuwa ameangalia upande wa Nyegina, lakini mikono yake ilikuwa imeshikana magotini kwa nguvu mpaka vidole vimebadilika rangi. Hakuniomba. Angeniomba ningeweza kukataa.

"Sawa," nikasema. "Nitakaa."

Fundi akampigia Bibi, akaweka sauti wazi. Simu haikuita hata mara mbili. "Amekubali?" ndilo neno la kwanza la yule bibi, salamu hakuna. Kisha nikamsikia anacheka, na nyuma yake wifi yake anauliza shemeji anarudi lini.

Nikamtazama Fundi Saidi. Fundi Saidi akaitazama saa ya mtu. Viti vimebaki vitatu, wenye viti wote ni wazee, warithi hawana. Miaka kumi na minane nimesimama sokoni Musoma na sijawahi kuuziwa kitu kwa ustadi kama ule. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nawavulia kilemba.

Jioni ile tulihesabu nyuma ya kibanda. Baba mdogo: "Hata moja." Fundi Saidi: "Tano. Miwani hii haifai." Mimi nikasema, "Sita," na nikafumba macho kwa nguvu yasije yakarudi. "Imesikika," wakasema wote wawili. Bibi naye akasema imesikika kwenye simu, kwa kuwa kosa lilikuwa limelipwa.

"Sasa geuka," Fundi akamwambia Baba mdogo.

Aligeuka kidogokidogo, miguu ikitafuta ardhi, mpaka Nyegina ikawa mgongoni kwake. Akasimama hivyo kitambo, kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado ameinama.

"Huku kuna nini?" akauliza.

"Stendi, Baba. Na mtu anachoma mishikaki."

"Basi nunua."

Alikula saba. Nilihesabu mara moja.

Bunda hadi nyumbani

Jumapili nilimpandisha basi la Mwanza, siti ya mbele kabisa, dirishani, anaangalia mbele. Tabu alimpokea. Jumatatu wakamfanyia lile jicho la kulia. Mimi nilirudi Musoma kwa gari la kawaida, chupa inalia mfukoni, nikahamia Nyegina usiku uleule.

Mnaotaka kujua maisha ya kiti: asubuhi nashuka dukani, jioni napanda kabla jua halijazama. Mzigo wa Mwanza naagiza kwa simu, na kama nilivyohofia, katika safari ya kwanza vikombe viwili vilikuja bila mikono. Napika samaki wa furu, au ugali wa udaga wa muhogo na dagaa, nakula nje, nakaa juu ya jiwe. Nahesabu, nasema, nashuka. Wiki za mwanzo jicho lilikuwa linavuta kurudi kama mbuzi kwenye kamba. Siku hizi halivuti. Watu wa Suguti walikuja kuniuliza habari ya kupanda mihogo, nikawaambia nilichokiona, wakaniachia kuku, nikamrudisha. Mniamini au msiniamini, nilimrudisha.

Baba mdogo alirudi mwezi wa tatu. Jioni ya kwanza alipanda juu ya jiwe mwenyewe, bila kushikwa, akainua uso. Kisha akasema, "Saba. Pendo, ziko saba." Maisha yake yote alikuwa ameona sita. Mimi jioni ile nilikuwa nimesema sita, na tukasema imesikika kwa zote mbili, tukashuka kula.

Sasa hapa ndipo nawahitaji. Tangu siku hiyo anakuja kila jioni. Anakuja na kigoda chake, anakiweka karibu na jiwe, na kila wiki kinasogea kiasi. Jana ameniuliza kwa upole kama duka halinichoshi. Kilimia kimeshuka sana upande wa ziwa, mwisho wa mwezi huu kitazama, na kwa mapatano ya Bunda nitakuwa huru kumrudishia kiti chake na kulala nitakako. Ninyi mnamjua yule mzee, na mnanijua mimi. Naombeni ushauri, na msikawie: nimwambieje, bila kumuumiza, kwamba sitaki kushuka?